Onyesho la Jumapili Lililoandikwa Alhamisi

“Jina langu limefikaje hapa?”

Hapo ndipo tulipomwacha Elvira Basualdo wiki iliyopita, amesimama kiwandani kwa mchapaji, prufu ya jalada, yaani nakala ya majaribio, mkononi, wino ukimchafua vidole. Wewe uliyelikosa gazeti lile usihangaike kuazima kwa jirani. Nitakueleza kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kurudia mambo.

Elvira ni mwandishi wa Surco Negro, jarida la muziki wa roki hapa Buenos Aires. Ni mwanamke pekee katika chumba cha wanaume wenye nywele ndefu na maneno marefu zaidi ya nywele. Miaka kumi na ushei ameandika humo akitia sahihi ya E. Basualdo, kwa amri ya mhariri, ili wasomaji wadhani ni Ernesto au Eduardo. Barua zinazomfikia huanza na “Bwana mpendwa”.

Jalada la mbele hajapewa hata siku moja. Na jalada ndilo analolitaka, tusizungushane. Anataka jina lake zima, kwa herufi kubwa, mahali ambapo mama yake huko Quilmes ataliona akipita kioski na kukoma kumuuliza ataacha lini mchezo huu.

Sasa jina limetoka. ELVIRA BASUALDO, herufi nyekundu, na juu yake maneno haya: “NILIKUWAPO! Ceniza Mansa warudi kwa kishindo.”

Ila siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Onyesho la kurudi kwa bendi ya Ceniza Mansa lilikuwa Jumapili.

Msishangae. Ndiyo desturi ya Surco Negro, na wenyewe waliiona ni werevu. Mashabiki wakitoka ukumbini, masikio bado yanavuma, hulikuta jarida limepangwa mlangoni, na ndani yake mna mapitio ya onyesho lile lile walilotoka kulitazama. “Lo, hawa jamaa wana kasi!” husema, na hununua. Kasi gani? Habari huwa imeandikwa siku kadhaa kabla, kwa kutazama orodha ya nyimbo iliyotoka kwa meneja wa bendi. Ukumbi ulifurika. Watu waliimba pamoja. Wimbo wa mwisho uliwatoa watu machozi. Nani atabisha? Kila onyesho la roki ni hivyo hivyo.

Elvira alijua. Hakuwahi kuandika namna hiyo yeye mwenyewe, lakini alijua na alinyamaza, kwa sababu mwanamke mmoja kati ya wanaume wote wale huchagua vita vyake, na mara nyingi akishamaliza kuchagua amekwisha choka kupigana.

Akaikunja prufu, akapanda basi mpaka mtaa wa Talcahuano, akapanda na ngazi za ofisi iliyo juu ya duka la magitaa.

“Nani ameandika haya?”

“Wewe,” alijibu Horacio Lamberti, mhariri, bila kuinua macho. “Huoni jina?”

“Horacio, sina utani leo.”

“Basi kaandika Quique.”

Quique Ferrante, mwandishi nyota wa jarida, alikuwa ameweka viatu juu ya meza na miwani ya jua usoni, ndani ya nyumba, siku ya mawingu. “Nimekupamba, bibie,” alisema. “Soma aya ya pili. Utajipenda.”

Elvira akasoma aya ya pili kwa sauti. “‘Tito Galarza alisimama mbele ya jukwaa akaliliza gitaa la solo hadi kuta zikatetemeka. Huu ni mkono wa dume. Mkono huu haufundishwi, mtu huzaliwa nao na baadaye huota ndevu.’ Quique! Mimi ndiye niliyesema haya?”

“Ndiyo utamu wake! Akisema mwanamume ni majigambo. Akisema mwanamke ni ushahidi.”

Wakacheka wote wawili. Elvira hakucheka. Alikuwa amevisikia vicheko hivi kwa miaka mingi na alijua vinaishia wapi. Vinaishia kwa mtu kumwambia aongeze maji.

“Ongeza maji basi, mama,” alisema Quique, akinyoosha kibuyu cha yerba, majani yanayonywewa kama chai. “Yamepoa.”

Elvira ndiye aliyekuwa akiwamiminia. Hakuna aliyewahi kukaa chini na kuamua hivyo. Ilitokea siku yake ya kwanza kazini, birika likiwa karibu na kiti chake, na ikabaki hivyo hata baada ya kiti kuhamishwa.

“Kwa nini hukuweka jina lako?” alimwuliza Quique.

Akajibu Horacio. “Quique hawezi kuingia ukumbini. Mwaka jana alimzaba kofi meneja wa Ceniza Mansa, na mji mzima unajua. Tukisema alikuwapo, hata mbwa watatucheka. Rulo, mwandishi wetu mwingine, yuko Rosario na bendi nyingine. Umebaki wewe.”

“Nimebaki mimi.”

“Elvira, sikiliza dada. Umelilia jalada miaka nenda miaka rudi. Hili hapa. Sasa unalia nini tena?”

Ndilo swali lililomuuma. Aliitazama tena ile prufu. Herufi zilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, hata mimi ningezitamani.

“Mashine zinaanza lini?”

“Jumamosi mchana.”

“Nipe mpaka Jumamosi asubuhi. Kama nitatia jina, kwanza nikaisikie bendi kwa masikio yangu.”

Horacio akaachama. “Ukaisikie ya nini? Si imeshaandikwa?”

* * *

Ijumaa asubuhi Elvira alifika ukumbi wa Gran Almagro, mlango wa nyuma. Bawabu alikuwa mzee mnene anayekula mkate na soseji.

“Wasichana wanaofuata bendi wanasubiri ng’ambo ya barabara,” alisema mdomo umejaa.

“Baba, nina umri wa miaka thelathini na nane.”

“Mimi sibagui. Ng’ambo ya barabara.”

“Nimetoka Surco Negro. Mimi ni mwandishi.”

“Na mimi ni askofu.” Akameza. Kisha akamtazama upya, koti lake la kijivu, mkoba wake mkubwa, viatu vyake vya kutembelea. Uso wake ukalainika. “Aa! Wewe ndiye mshonaji! Mbona hukusema? Pazia limechanika upande wa kushoto, huko nyuma kabisa. Wamekusubiri tangu jana.”

Elvira alifungua mdomo kumsahihisha. Kisha akaufunga. Miaka yote hii kazi yake halisi ilikuwa haijamfungulia mlango hata mmoja kwa urahisi hivi.

“Upande wa kushoto,” alisema. “Haya.”

Akapita.

Jukwaani bendi ilikuwa inafanya mazoezi. Elvira alimwona mwimbaji, Amílcar Roldán, mwembamba na mwenye mvi changa, ameshika kipaza sauti. Alimwona mpiga dramu. Alimwona mpiga besi. Tito Galarza, mwenye mkono wa dume, hakumwona.

Lakini gitaa la solo alilisikia.

Lilitoka nyuma ya pazia, upande wa kushoto, na lilikuwa lile lile la kwenye santuri, lenye kuchelewa kidogo kabla ya kila noti, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Elvira alilijua gitaa hilo kuliko alivyoijua sauti ya mumewe wa zamani. Akalifuata. Akapata mahali pazia lilipochanika, akachungulia.

Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi juu ya kreti la bia. Alivaa sweta la kufuma na malapa ya nyumbani. Gitaa lilikuwa pajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, vidole vinakwenda.

“Wewe ndiye mshonaji?” aliuliza bila kuacha kupiga.

“Hapana.”

Vidole vikasimama. Bendi nayo ikasimama, kipande kwa kipande, dramu mwisho.

“Nani huyo huko nyuma?” alipiga kelele Amílcar kutoka jukwaani.

“Mimi ni Elvira Basualdo. Wa Surco Negro.”

“Mwandishi? Mtoeni! Mtoeni haraka, ametumaliza!”

“Amílcar, nyamaza,” alisema mwanamke wa kreti. “Keshaona. Umtoe sasa ili iwe nini?” Akamgeukia Elvira. “Mimi ni Delia. Dada yake huyu anayepiga kelele. Kaa, kreti jingine lile pale.”

Elvira akakaa.

“Tito yuko wapi?” aliuliza.

“Tito kavuka mto. Yuko Montevideo, ana mke mpya na duka la viatu. Heri yake. Tito hakuwahi kupiga gitaa, dada. Tito alikuwa na nywele.”

“Na jukwaani je?”

“Jukwaani alikuwa na nywele na gitaa lisilotoa sauti. Mimi niko hapa nyuma. Santuri ya kwanza tulipoipeleka kwa kampuni, mabwana wakasikiliza, wakasifu, wakauliza mpiga solo ni nani. Nikasema mimi. Wakacheka wee, mpaka mmoja akamwagikiwa na kahawa. Halafu wakasema mwanamke mwenye gitaa la umeme hauziki. Kesho yake wakamleta Tito.”

“Nawe ukakubali?”

“Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilitaka kupiga gitaa.” Delia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. “Wewe hujawahi kukubali kitu?”

Delia akacheka kidogo, kicheko kisicho na kinyongo.

“Magazeti yenu nayo! Kuna mmoja aliandika kwamba kwenye gitaa letu unasikia harufu ya jasho la mwanamume aliyepigwa na maisha. Nilikuwa nakaanga vitunguu niliposoma. Nikajinusa.”

“Ni mimi niliyeandika hivyo,” alisema Elvira.

Delia akamkodolea macho.

“Ni mimi. Nilitaka niandike kama wao, ili waniache nikae. Niliona aibu hata wakati naandika.”

Mpiga besi, ambaye alikuwa amesogea kusikiliza, akarudi zake taratibu.

“Basi tumefungwa kamba moja,” alisema Delia mwishowe. “Sikiliza. Jumapili natoka. Tito hayupo, na sitaki tuletewe Tito mwingine. Natoka na gitaa langu, nasimama mbele, wanitazame. Lakini ikijulikana kabla, kampuni itazuia onyesho, maana mkataba unamtaja Tito. Nipe mpaka Jumapili. Baada ya hapo andika utakavyo, na uandike wewe, si hao wengine.”

“Nakuapia.”

Aliapa kwa moyo mmoja. Alipofika barabarani ndipo akili yake ilipoamka.

Jumapili Delia angetoka mbele ya watu wote. Wangemwona kwa macho yao. Kisha wangetoka nje, wangenunua Surco Negro mlangoni, na wangesoma kwamba Elvira Basualdo, aliyekuwapo, alimwona Tito Galarza na mkono wake wa dume uliozaliwa na ndevu.

Jina lenyewe angelipata. Na lingekufa siku hiyo hiyo.

* * *

Fikiri nawe, msomaji, ungefanya nini. Kumwambia Horacio ukweli ni kumsaliti Delia, na juu ya hapo habari kubwa ya maisha ya Elvira ingesainiwa na Quique kabla kahawa haijapoa. Kutia jina ni kujizika. Palibaki njia moja tu, nayo ilikuwa chungu.

Jumamosi asubuhi aliingia ofisini na kukuta ajabu. Kibuyu kilikuwa tayari. Horacio mwenyewe alikuwa amemimina, tena alimnyooshea yeye wa kwanza.

“Karibu, mwandishi wa jalada!”

“Ahsante,” alisema Elvira, na hakukipokea.

Kwetu anayetaka kinywaji hicho hukipokea kimya. Ukisema ahsante umejitoa kwenye mzunguko. Horacio akarudisha mkono polepole.

“Maana yake nini?”

“Jina langu liondolewe. Sitaki jalada.”

“Jua limekupiga kichwani?”

“Weka la Quique. Sema amesamehewa, karuhusiwa kuingia. Watu watafurahi, wanapenda mapatano.”

Horacio alimtazama kama fundi anavyoitazama mashine iliyozimika ghafla. “Elvira. Hili ni jalada. Halitarudi. Ukitoka mlango huo bila hilo, unarudi kujibu barua za wasomaji mpaka uzeeke, unanielewa?”

“Nakuelewa.”

“Hulii?”

“Nimechoka, Horacio. Nikilia nitachoka zaidi.”

Alisema kwa upole, akachukua mkoba wake. Mezani Quique alikuwa ameivua miwani yake ya jua, jambo ambalo hakulifanya hata mazishini, na alikuwa anamtazama.

“Haya,” alisema Horacio. “Jina nitaliondoa.”

Nisiwafiche. Akishuka ngazi, Elvira alifurahi kidogo. Alimwona Quique katika mawazo yake, amesimama mlangoni pa ukumbi, mashabiki wakimsomea aya yake ya pili usoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, alijisemea. Kisha furaha ikaisha, akabaki na mji wa Jumamosi na basi la kurudi nyumbani, na hakuna jalada. Alipofika alivua viatu akalala na koti lake.

* * *

Jumapili alasiri watu wa mwisho walikuwa wanasukumana kuingia Gran Almagro. Kando ya ngazi, mabunda ya Surco Negro yalikuwa yamefunikwa kwa turubai, na juu ya bunda mojawapo alikuwa ameketi Quique, anakula karanga za sukari.

Elvira alimsogelea kwa huruma kidogo. “Umekuja kujiuza mwenyewe?”

“Kukuuza wewe,” alisema Quique.

“Nini?”

“Bibie, mimi si mtoto wa jana. Mwanamke aliyelisubiri jalada miaka yote hiyo, analikataa kwa sauti ya upole, hatukani mtu, havunji kikombe. Nikajisemea, Quique, kimya kingi kina mshindo mkuu. Huyu anajua jambo. Nikamwambia Horacio, mimi jina langu siliweki hapo, hata unifunge.”

Elvira akaling’oa turubai. Akachomoa jarida la juu.

Herufi zilikuwa nyekundu zaidi kuliko kwenye prufu. ELVIRA BASUALDO. NILIKUWAPO!

“Horacio aliniahidi!”

“Horacio alikuwa na jalada na hana jina. Wewe ulitaka afanyeje, aweke la mama yake?” Quique akatafuna karanga. “Haya, sasa niambie. Unajua nini?”

Elvira alilikunja jarida, akazunguka jengo mbio.

“Mshonaji!” alisema bawabu kwa furaha. “Pazia bado!”

Alimpita. Huko nyuma palikuwa na giza na harufu ya nyaya zilizopata moto. Dramu zilikuwa zimeshaanza, na ng’ambo ya pazia ukumbi uliunguruma. Delia alikuwa amesimama karibu na kreti lake, gitaa shingoni. Alikuwa amevaa gauni la bluu na viatu vya kisigino, na midomo yake ilikuwa myeupe.

“Elvira! Mungu kakuleta. Siwezi.”

“Huwezi nini?”

“Kutoka. Miguu haitaki. Wanaita Tito, unawasikia? Wanaita Tito.” Akamshika mkono. “Nipige kutoka hapa hapa leo. Amílcar atasema Tito anaumwa, yuko nyuma, hataki kuonekana. Nitatoka siku nyingine, wiki ijayo, mwezi ujao. Unasemaje? Wewe una akili. Ukisema nikae, nakaa.”

Elvira alisimama na jarida limekunjwa nyuma ya mgongo wake.

Neno moja tu. Kaa. Hakuna ambaye angemlaumu, si ombi lake, ni la Delia mwenyewe. Gitaa lingelia nyuma ya pazia kama siku zote, watu wangeondoka wakimsifu Tito, wangenunua jarida, wangesoma jina la Elvira Basualdo na kutikisa kichwa: kweli alikuwapo huyu. Mama yake angeliona kioskini. Elvira angelipata alilolitaka, na kila kitu kingebaki kilivyo.

Alikuwa amechoka mno. Nawaambieni, ni uchovu uliomsaidia. Alijiona miaka kumi mingine, na Delia miaka kumi mingine, kila mmoja nyuma ya pazia lake.

“Toka,” alisema.

“Wakinizomea?”

“Watazomea. Toka tu.”

Delia akavua viatu vya kisigino. Akatoka pekupeku.

Ukumbi ulinyamaza, kisha ukapiga mbinja. “Tito yuko wapi?” “Shangazi umepotea!” “Rudi jikoni!” Amílcar alisema jambo kwenye kipaza sauti na hakuna aliyemsikia. Delia alitazama vidole vyake. Akachelewa kidogo, kama anavyochelewa siku zote, kisha akapiga noti ya kwanza.

Waliijua. Ndani ya noti chache tu waliijua wote, na mbinja zilikatika moja moja. Hakuna aliyerudia kulitaja jikoni. Mwisho wa solo wanaume wazima walikuwa wamesimama juu ya viti wakilia na kuapa, na Elvira, peke yake kwenye giza la pembeni, alilia pamoja nao. Alifurahi kwa moyo wake wote. Na kila wimbo uliokwisha ulimsogeza karibu na mlango.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama mashabiki walipotoka. Walitoka wamelowa jasho, wanalipigia kelele jina la Delia walilotajiwa na Amílcar mwishoni, wanakumbatiana na wasiowajua. Horacio alikuwa amefika na alikuwa anauza kwa mikono miwili.

“Surco Negro! Mapitio ya onyesho! Ya moto moto!”

“Tayari?” alishangaa kijana mmoja mwenye koti la ngozi. “Lo, hawa jamaa wana kasi!”

Akanunua. Akafungua. Elvira, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kando, aliyaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka aya ya pili.

“Nini?” alisema kijana. “Tito? Tito gani? ‘Mkono wa dume’? Hebu njooni mwone! Njooni mwone alichoandika huyu!”

Wakamzunguka. Mmoja akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye ndevu, kicheko kililipuka, kikasambaa ngazi nzima, na wengine wakazidi kununua ili nao wacheke. Uso wa Horacio ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa anamtazama Elvira, kisha Quique, kisha jarida mkononi mwake, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza.

“Kumbe Delia!” alinong’ona Quique. “Ulijua. Ulijua!”

“Nani huyu Elvira Basualdo?” aliuliza yule wa koti la ngozi, akilipunga jarida juu. “Eti alikuwapo! Alikuwapo wapi, bafuni?”

“Mwanamke, unategemea nini?” alidakia mwingine. “Alikuja kumtazama Tito!”

“Na Tito mwenyewe hayupo! Yuko wapi huyu bibi? Tunamtaka!”

Horacio alimfikia Elvira, akamshika kiwiko. “Toka kwa kichochoro cha kushoto,” alisema haraka haraka. “Hawakujui sura. Nenda nyumbani. Kesho nitaandika kwamba umeachishwa kazi, makosa ya mwandishi mmoja, jarida linaomba radhi. Baadaye nitakutafutia kitu. Sitakuacha, dada, nakuapia.”

“Na kesho kutwa mtaandika onyesho jingine?”

“Elvira, huu si wakati wake! Nenda!”

Kichochoro kilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Hakuna aliyewahi kumtazama hapa. Angeweza kupita katikati yao na mkoba wake na koti lake la kijivu, wangempisha kama wanavyompisha mama anayetoka sokoni.

Aliutoa mkono wa Horacio kwenye kiwiko chake. Akapanda juu ya bunda la majarida, pale pale alipokuwa ameketi Quique, akajikwaa kidogo, akasimama wima.

“Shuka!” alisema Horacio, akimvuta koti. “Shuka, utatuua wote!”

“Elvira Basualdo ni mimi,” alisema, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyoizoea. Vichwa vikageuka, kisha vingine, mpaka juu kabisa ya ngazi. “Na mnachokisoma hapo kiliandikwa Alhamisi.”